Nyie mlioandika milioni mbili kwa mkono: barua ya wazi kwa wanafunzi wa mifumo endeshi

Wanangu wa mwaka wa pili, wiki hii shikamoo zimekuwa nyingi kuliko kawaida na najua kwa nini, maksi za asaimenti ya thredi, zile kazi zinazokwenda kwa pamoja ndani ya programu moja, zinatoka Ijumaa. Marahaba. Sasa kaeni chini.

Mimi sio mhadhiri, ni yule mzee wa maabara mnayemuita umeme ukikatika, lakini programu zenu nazikompaili mimi, yaani nazigeuza ziwe lugha ya mashine, kabla hazijaenda kwa mwalimu. Zoezi lilikuwa dogo tu, thredi mbili, kaunta moja, kila thredi iongeze moja mara 1,000,000 halafu useme umepata ngapi na kwa nini. Zimekuja 43, na 12 zikatoa 2,000,000 safi kabisa. Nikafurahi, nikajua watoto wameweka loki, ile ya kuzuia thredi mbili zisiguse kaunta kwa pamoja. Kufungua ya kwanza, mstari wa mwisho: printf ("2000000"), yaani chapa tu hiyo namba. Kaiandika kwa mkono! Ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo, hadi nafasi iliyoachwa kabla ya mabano ni ileile, yan imetembea kwenye grupu la WhatsApp usiku kucha.

Na kuibiana sio kilichoniuma, hata sisi tuliibiana. Kilichoniuma ni kwamba ile namba mbovu mliyoificha, inayotoka bila loki, 1,183,402, ukirudia 1,340,077, ndo somo lenyewe! Mmevua samaki mkamrudisha baharini mkaenda kununua wa plastiki.

Ngoja niwaambie. Nimekulia dukani kwa mama, Tandika, tulikuwa na daftari la mikopo. Mteja, mtu na mkewe, wanadaiwa 5,000. Mimi nimesoma 5,000, kaka naye kachungulia kasoma 5,000, mimi nimempa mke sukari ya 1,000 nikaandika 6,000, kaka kampa mume mafuta ya 1,000 naye kaandika 6,000. Buku ya mama imepotea na hakuna aliyeiba. Kaunta++, ile ya kuongeza moja, nyie mnaiona kitu kimoja, prosesa inaona vitatu, soma, ongeza, andika, na mwenzio anaingia katikati. Mama akaleta sheria, peni iwe moja tu inaning'inia msumarini, asiye nayo hagusi daftari hata kusoma. Hiyo ndo loki. Ikaja shida nyingine, mimi nimeshika peni kaka kavunja sheria kashika daftari, tunatoleana macho na mteja kasimama, hiyo mtaikuta mbele kwenye dedloki. Mama akafunga peni kwenye daftari kwa uzi, ukichukua unachukua vyote, ikaisha. Na mama hakumaliza la saba.

Mnacheka, ila kati ya 1985 na 1987 huko Marekani na Kanada mashine ya mionzi ya saratani, Therac-25, iliwapiga wagonjwa sita dozi kubwa mno, wengine wakafa, na sababu mojawapo ni hiihii, opereta akirekebisha haraka kwenye skrini kazi mbili ndani ya programu zinapishana vibaya. Mafundi walikuja kuijaribu hawakuona kosa. Ni watu wa hospitali moja Texas waliokaa wakarudia kuandika kwa kasi ileile mpaka likatokea. Waliitafuta namba mbovu, nyie mliletewa mkaifuta.

Lakini kuficha kosa mmejifunzia wapi? Kwetu. Mtoto anachapwa kwa jibu baya hata kama njia ilikuwa nzuri, akikua anakaa ofisini ananyoosha ripoti ifanane na anachotaka bosi, tunampa na cheti.

Mengine natupia tu. Fork, amri ya programu mzazi kuzaa nakala yake, mtoto, inarudi mara mbili, sifuri kwa mtoto, namba ya mtoto kwa mzazi. Mzazi asipoita wait kupokea taarifa ya kifo, mtoto akifa anabaki zombi, kafa lakini bado yumo kwenye orodha. kill -9, ya kuua programu kwa nguvu, iwe ya mwisho. Ruhusa ya 777, yaani kila mtu asome, aandike na aendeshe faili, usitoe eti kwa sababu umechoka. Na usiniambie wewe bado mdogo, Linus Torvalds alikuwa na miaka 21, mwanafunzi pale Helsinki, alipoitangaza Linux, mfumo endeshi wake, mwaka 1991.

Kuna binti mmoja, huyo wa 12, yeye alipata 2,000,000 kweli bila loki, nikamuuliza ulikompaili na -O2, ile ya kuiambia kompaila iharakishe programu? Kumbe ndio, kompaila imeikunja lupu nzima ikawa jumlisha moja tu, na akanieleza mwenyewe. Huyo nimemwandikia mwalimu ampe zote.

Wale 11, Jumamosi saa nne nafungua maabara. Njooni na programu inayokosea.