Juisi ya Nyanya: Barua kwa Rafiki Tukuyu

Ilula, Iringa

Mpendwa rafiki yangu Tulibako,

Salamu nyingi kutoka Ilula. Sisi huku tu wazima, na natumaini mama na watoto nao hawajambo.

Umeniuliza tunazifanyia nini nyanya zinapojaa barabarani na bei ya tenga inapoanguka hadi mkulima hajui acheke au alie. Sehemu kubwa ya zile ambazo wanunuzi huziacha kwa sababu zimeiva kupita kiasi mimi huzigeuza juisi, nami nakushauri ufanye hivyo hivyo, mradi uchague zisizooza wala kuota ukungu.

Jambo la kwanza ni moto. Nyanya ikishakatwa, vimeng'enya vilivyomo ndani yake, yaani protini za asili zinazoharakisha mabadiliko, huanza kuvunja pektini, ambayo ndiyo inayoipa juisi uzito wake. Ndiyo maana juisi ya mtu aliyekata nyanya zote kwanza, kisha akaenda kutafuta kuni, hujitenga, maji yakabaki upande mmoja na nyama upande mwingine. Kata chache, zitie katika sufuria iliyokwisha kupata moto, ziponde kwa mwiko mpaka zichemke, kisha endelea kuongeza nyingine kidogo kidogo bila kuruhusu mchemko ukatike. Zikilainika, zichuje ili maganda na mbegu vibaki. Tumia sufuria ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa uchachu wa nyanya hula aluminiamu na kuacha ladha ya chuma mdomoni.

Wengi huinywa baridi na chumvi kidogo, na ni kinywaji kizuri, ingawa kwa maoni yangu mahali pake hasa ni jikoni. Pika wali wa mchele wa Kyela kwa juisi hiyo badala ya sehemu ya maji, au iunge kwenye usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, uone kama kuna atakayebakiza. Likopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya, hufyonzwa na mwili kwa urahisi zaidi nyanya zikipikwa na kuliwa pamoja na mafuta kidogo, ijapokuwa moto huo huo hupunguza vitamini C. Kwenye maharage, subiri yaive kabisa kabla ya kumimina juisi, maana uchachu huzuia maganda yake kulainika, na utamaliza mkaa bure.

Kuhifadhi ndiko kunakotaka uangalifu mkubwa. Baadhi ya nyanya hazina uchachu wa kutosha kuzuia vijidudu vinavyoleta sumu ya botulini, ambayo huweza kuua bila chakula kubadilika harufu. Kwa hiyo kila chupa ya nusu lita huongezwa kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau ya dukani, ambayo uchachu wake haubadiliki kama wa malimau ya shambani, au robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki. Kisha chupa zilizofungwa huchemshwa zikiwa zimezama kabisa majini. Usifuate dakika 35 zinazotajwa kwa watu wa pwani. Huku kwetu milimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo chupa hizo zinahitaji dakika 45, na kwa anayeishi juu ya mita 1,800 zinahitaji 50. Isiyohifadhiwa kwa njia hii ikae kwenye jokofu na inywewe ndani ya siku chache.

Kuhusu kupaka juisi hii usoni kama dawa ya urembo, sikushauri, kwani uchachu huo huwasha ngozi za wengi. Afadhali usugulie sinia la shaba lililofifia, kisha ulisuuze mara moja. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari wake kabla ya kuinywa, na mwenye kiungulia huenda ikamsumbua.

Nina ombi moja. Chupa za kioo zenye mifuniko ya kubana, zinazostahimili kuchemshwa, huku nazipata kwa shida. Ukipita soko la Mwanjelwa, Mbeya, naomba uniulizie bei, pamoja na bei ya mifuniko mipya, kwa sababu iliyokwisha kutumika haibani vizuri mara ya pili.

Wako akupendaye,
Semeni