Kabla hujamwaga mrututu kwenye maji ya kijani

Sisi kazi yetu ni kupima maji ya wafugaji wa samaki, na simu zao huingia kabla jua halijachomoza. "Kaka, samaki wako juu wanahema, maji yamekuwa kama mlenda. Mna dawa?" Anayepiga anaweza kuwa na vizimba ziwani hapa Mwanza au bwawa la kuchimba huko Magu, swali ni lile lile. Jibu letu huwaudhi wengi, maana mtu anayeuona mtaji wake ukihema alfajiri anataka kutajiwa jina la dawa, kipimo na bei. Sisi tunamuuliza kwanza: saa 11 alfajiri oksijeni ilisoma ngapi?

Wengi hawajapima. Na wengine, tunapofika, tunakuta mfuko mtupu wa mrututu pembeni ya bwawa.

Mwaka jana mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alishauriwa na jirani amwage mrututu. Akamwaga mchana, bwawa zima kwa mkupuo mmoja. Kesho yake jioni maji yakaanza kusafika, akatupigia kwa furaha kutujulisha kwamba tulikuwa tunamchelewesha bure. Alfajiri iliyofuata akapiga tena. Sato walikuwa wamelala kiubavu kuzunguka kingo zote, wakubwa kwa wadogo.

Dawa ilifanya kazi yake, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ule ukijani wote ulikufa kwa pamoja, ukazama, ukaanza kuoza, na kinachoozesha hula oksijeni ile ile ambayo samaki anaihitaji. Isitoshe, mrututu ni chumvi ya shaba, na shaba ni sumu kwa samaki pale maji yanapokuwa laini, yaani yenye chokaa kidogo. Wafugaji wana kanuni ya zamani: chukua ualkali wa maji kwa miligramu kwa lita, gawanya kwa 100, ndicho kipimo cha juu cha mrututu, kwa miligramu kwa kila lita; ualkali ukiwa chini ya 50, usiutumie kabisa. Maji ya mzee tulipoyapima yalikuwa chini ya hapo. Hakuna aliyempimia kabla.

Tuseme pia kwamba ukijani wote si mmoja. Bwawa lenye ukijani hafifu ni bwawa zuri: huo ni mwani wa kawaida, chakula cha vifaranga wa sato, na mchana ndio unaoyapa maji oksijeni. Kinachotusumbua ni jamii nyingine ambayo watu huiita mwani lakini kwa hakika ni bakteria. Wataalamu huwaita sainobakteria. Wanajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama majani yafanyavyo, ila baadhi yao wana vifuko vidogo vya hewa ndani ya seli, na kwa vifuko hivyo wanapanda juu wakati maji yametulia. Ndiyo maana asubuhi unakuta utando mzito kama rangi ya ukutani iliyomwagika, mchana upepo unautawanya, nawe unadhani umeisha. Haujaisha. Umechanganyika tu na maji, au umesukumwa kwenye kighuba cha jirani yako.

Kuwatofautisha hakuhitaji mashine. Dirishani kwetu kuna safu ya chupa za plastiki zinazoonyesha ndani. Wiki mbili zilizopita mama mmoja mwenye vizimba alileta ya kwake, maji ya kijani yaleyale ukiyatazama kwa haraka. Tukamwambia, "Mama, iache hapa mpaka kesho, wala usiitikise." Asubuhi shingoni mwa chupa palikuwa na tabaka la kijani lenye unene wa kidole, na chini yake maji karibu meupe. Mwani wa kawaida huzama au hubaki umetapakaa, hawa huelea. Kama mchana unaona nyuzi ndefu zinazong'ang'ania mti ukiuchovya, mithili ya nywele zilizolowa, huo ni mwani mwingine, unakera lakini si huu.

Tone la lile tabaka tuliliweka chini ya hadubini, mama akaangalia mwenyewe. Kulikuwa na mabonge yasiyo na umbo yaliyojaa vitone vyeusi, hao ni Microcystis. Pembeni kulikuwa na nyuzi zilizotungwa kama shanga, na kila baada ya shanga kadhaa moja kubwa iliyopauka. Hao ni Dolichospermum, na ile shanga kubwa ndiyo kiwanda chao: humo wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea yao wenyewe. Kwa hiyo hata ukizuia naitrojeni isiingie majini, hawa hawakosi. Wanachokitegemea kutoka nje ni fosforasi, kirutubisho kingine cha mbolea.

Hadubini inatuambia ni nani aliyepo. Haituambii kama ametoa sumu. Microcystis wa bwawa hili anaweza kuwa na sumu na wa bwawa la pili asiwe nayo, na kwa macho wanafanana. Sumu yao inayojulikana zaidi, maikrosistini, hushambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 1 kwa lita kuwa kiwango cha maji ya kunywa ya kila siku, 12 kwa matumizi ya muda mfupi, na 24 kwa maji ya kuogelea. Kwa hili tunatumia vijiti vya kupimia vinavyotoa jibu ndani ya saa moja au zaidi kidogo, na jibu likitutia shaka tunapeleka sampuli maabara.

Hapa tunaomba usikivu wa wenye nyumba za wageni kando ya ziwa, maana kila mara tunaambiwa, "Sisi tunachemsha." Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Maikrosistini hakuiui. Kunapasua seli na kuiachia sumu ndani ya sufuria, na maji yanapopungua kwa mvuke sumu inabaki palepale. Agosti 2014 mji wa Toledo kule Marekani, unaokunywa maji ya Ziwa Erie, uliwaambia wakazi wasiyanywe maji ya bomba kwa siku kadhaa, na tangazo lilisisitiza wasiyachemshe. Walikuwa watu karibu nusu milioni.

Shabu ambayo bibi zetu wameitumia kusafisha maji ya kisima ina nafasi yake. Inakusanya seli zikiwa nzima na kuzizamisha chini, na hilo ni jambo jema, mradi uyachote maji ya juu mapema na ile tope uimwage mbali, si kwenye mfereji unaorudi ziwani. Lakini sumu iliyokwisha kutoka kwenye seli shabu haiigusi. Hiyo inahitaji mkaa maalumu wa kuchujia, au klorini iliyopewa muda wa kutosha baada ya seli kuondolewa. Ukitia klorini kwenye maji yaliyojaa seli umefanya kama mzee wetu na mrututu. Siku utando upo, kwa nyumba ya kawaida, maji ya mvua au ya kisima kirefu yana nafuu kuliko ujanja wowote wa jikoni.

Ng'ombe hawajui haya. Wanakunywa pale upepo ulipokusanya utando, kwa kuwa ndipo ufuko ulipo. Botswana mwaka 2020 walikufa tembo zaidi ya 300, na serikali ya huko ikasema chanzo ni sumu ya sainobakteria kwenye madimbwi waliyokunywa. Watoto nao hucheza hapo hapo ufukoni.

Turudi kwenye samaki, maana ndio wanaotulipa. Mara nyingi kinachoua samaki wa bwawa si sumu bali alfajiri. Mchana ukijani mzito unazalisha oksijeni kupita kiasi, kipimo kinasoma hata miligramu 14 kwa lita, na mfugaji anafurahi. Jua likizama, ule ukijani unaanza kupumua kama samaki wenyewe, usiku kucha, na kufikia alfajiri inabaki 1 au 2. Sato ni mvumilivu, lakini ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita anaacha kula na kukua, na ikikaa chini zaidi anapanda juu kuhema. Kwa hiyo anayepima saa 9 alasiri anapima sura nzuri ya bwawa lake. Mchana huohuo pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, nayo hupanda kupita 9, na amonia inayotolewa na samaki inakuwa kali zaidi kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Huduma yetu imejengwa juu ya saa hiyo ya alfajiri. Kwa wateja wa mwezi tunafunga kihisio cha oksijeni na joto kwenye kizimba au bwawa, chenye laini ya simu, na kikisoma chini ya 3 kinakutumia ujumbe wewe na sisi. Kila wiki fundi wetu anakuja kuchukua sampuli, kupima pH, na kukisugua kihisio kwa mswaki laini. Usidharau huo mswaki. Kihisio kilichoota ukoga kinadanganya, na tumewahi kuitwa kwa dharura ambayo ilikuwa ni ukoga tu. Picha za satelaiti tunaziangalia pia, zile ambazo kila nukta yake ni mraba wa mita 300. Kizimba chako hazikioni, ghuba yako zinaiona, na pakiwa hapana mawingu zinatuonyesha utando unaelekea wapi siku moja au mbili kabla haujakufikia.

Asiye na uwezo wa kihisio tunampa kisahani. Ni duara la sentimita 20 lililopakwa nyeusi na nyeupe, limefungwa kamba yenye alama. Padre Mwitaliano Angelo Secchi alikitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1865 na mpaka leo hakijapitwa. Kishushe mpaka kipotee machoni. Kwenye bwawa, kati ya sentimita 30 na 45 ni pazuri. Kikipotea kabla ya 20, na rangi ni ya kijani wala si ya udongo, usimwage mbolea, punguza chakula, na usiku huo usilale bila kipulizia hewa kuwaka.

Samaki wakianza kuhema, usiwape chakula asubuhi hiyo, washa hewa, ongeza maji safi taratibu kama unayo. Kwenye kizimba punguza msongamano au kivute kizimba kwenye maji yenye mkondo. Dawa ziwani haiwekwi; wapo wanaokunywa maji hayo. Samaki waliokufa wafukiwe, wasiuzwe wala kukaushwa. Wanaovuliwa hai wakati wa utando watolewe matumbo na maini, waoshwe kwa maji mengine, kwa sababu sumu hukaa huko zaidi kuliko kwenye minofu.

Chupa za "bakteria wazuri" zinazosemekana kusafisha maji hatuuzi. Anayeziamini atuletee vipimo vya mabwawa mawili, moja lililowekewa na moja lisilowekewa, tutabadili mawazo.

Kinachopunguza utando kweli ni cha polepole, na hakina duka. Ni chakula kisichobaki. Chakula kinachozama bila kuliwa ni fosforasi uliyoilipia mwenyewe. Wape samaki chakula cha kuelea, simama uangalie, acha wakianza kugeuka. Ziwa zima lina shida kubwa kuliko vizimba: maji taka ya miji, udongo wa mashamba unaoletwa na mito, na sehemu kubwa ya fosforasi hata haipiti mtoni, inaangukia ziwani na vumbi na moshi wa kuchoma mashamba. Hayo hatuyawezi kwa kihisio.

Ukitaka tukupimie, chukua chupa safi ya lita 1, izamishe mpaka mkono ufike kiwiko, ndipo uifungue. Usikombe utando wa juu peke yake. Vaa glavu. Jaza mpaka juu, ifunge, ifunike gazeti isipigwe na jua, itie kwenye ndoo yenye barafu na utufikishie kabla ya saa 4 asubuhi. Andika kwenye karatasi saa uliyochota na jinsi upepo ulivyokuwa. Jumapili hatufungui duka, lakini simu ya alfajiri tunapokea.