Wakemia wa Mwanza watengeneze, wasiishie kupima

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliwashauri wazazi wa Kanda ya Ziwa wasiwapeleke vijana kusomea kemia, kwa kuwa mwisho wake ni kushika chaki au kuzunguka mjini na bahasha ya kaki. Namwelewa. Mimi ni mkemia wa maabara ya kiwanda cha samaki hapa Mwanza, na wenzangu kadhaa niliosoma nao bado wanazunguka na bahasha hizo. Lakini lawama ameipeleka siko. Tatizo ni kwamba tumeifanya kazi ya mkemia kuwa kupima vitu walivyotengeneza wengine.

Hali hii ina historia. Mwaka 1999 Ulaya iliwafungia mlango samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Ilibidi ukaguzi ukazwe, na leo tuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi. Mnunuzi alidai cheti, mkemia akapata kazi. Ukienda kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu, mamlaka ya maji, viwanda vya soda na bia, Shirika la Viwango (TBS) au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ni yale yale: tunachukua sampuli, tunasoma namba, tunasaini. Ni kazi ya heshima, siibezi. Ila maabara moja haihitaji watu kumi wa kupima maji yale yale.

Sasa chukua ngozi ya sangara. Mabondo, yaani vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, yanasafirishwa hadi China kwa bei ya kugombanisha watu mwaloni, na mapanki, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, yana wateja wake mitaani. Ngozi, kwetu kiwandani, inasagwa pamoja na mabaki mengine. Ngozi hiyo imejaa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Ukiiloweka kwenye alkali hafifu, ukaisuuza, ukaipitisha kwenye asidi hafifu, kisha ukaiweka kwenye maji ya nyuzi 50 au 60 bila kuyaacha yachemke, unapata gelatini, ile inayotengeneza maganda ya kapsuli na peremende za kutafuna. Gelatini nyingi duniani inatokana na nguruwe na ng'ombe, kwa hiyo Mwislamu anayepewa kapsuli ana haki ya kuuliza imetoka wapi. Na sangara ana jambo moja la ziada: ni samaki wa maji ya joto, na gelatini ya samaki wa aina hiyo huganda vizuri kuliko ya samaki wa bahari za baridi. Sijagundua mimi. Watafiti wa Uganda na Afrika Kusini walichapisha utafiti wa gelatini ya ngozi na mifupa ya sangara mwaka 2004. Zaidi ya miaka 20 imepita, na mashine yetu bado inasaga ngozi.

Kinachokosekana ni hatua ya katikati. Chuo kinaweza kukupa gramu kumi ndani ya bika, kile kikombe cha maabara. Mwekezaji anataka kilo mia, na za wiki hii zifanane na za wiki ijayo. Kati ya hao wawili kunahitajika tangi la lita mia mbili, boila, kikaushio, na mtu wa kukaa navyo mpaka ajue kwa nini bechi ya Jumanne imetoka na harufu. Mtu huyo huyo ndiye wa kuulizwa maji ya asidi na chumvi yatakwenda wapi, maana yakirudi ziwani tutakuwa tumehamisha taka tu. Wakemia wa Marekani Paul Anastas na John Warner walipoandika kanuni zao 12 za kemia ya kijani, yaani kemia isiyochafua mazingira, mwaka 1998, ya kwanza ilikuwa kuzuia taka isizaliwe kabla ya kufikiria kuisafisha.

Naomba tu tusirudi kwenye magugu maji. Kila shindano la ubunifu hapa mjini halikosi kijana anayetaka kutengeneza bidhaa kwa magugu maji ya ziwani, na hakuna anayemwambia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya gugu hilo ni maji. Ukibeba tani moja, umelipa lori kusafirisha ziwa.

Mifuko nayo ina funzo. Juni 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, tukashika ile mbadala inayofanana na kitambaa. Mingi imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Huku nyuma wakulima wa pamba wa kanda hii wanatakiwa kung'oa na kuchoma mabua kila baada ya mavuno ili kuua wadudu, na mabua hayo yana selulosi, ile malighafi ya karatasi. Sisemi tungepata mfuko kesho yake. Nasema sijasikia mkemia aliyelipwa hata kujaribu.

Pa kuanzia papo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), kampasi ya Mwanza, inafundisha teknolojia ya ngozi, shirika la viwanda vidogo SIDO wapo, viwanda vya samaki vina maji safi na malighafi. Viwanda viwili au vitatu vikichangia tangi na kikaushio cha pamoja, na halmashauri ikatoa banda, tutaanza kuajiri watu wa kutengeneza. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huanza kumiminika viwandani mwezi wa saba. Mwaka huu walau mmoja apewe ndoo ya ngozi badala ya kukabidhiwa daftari la pH, yaani la kuandika vipimo vya asidi.

Mkemia wa kiwandani,
Ilemela, Mwanza