Gari lako halina turbo: nguvu itafutwe wapi?

"Fundi, gari limekuwa zito, niwekee filta ya koni na bomba kubwa." Ombi hili huja gereji mara kwa mara, na gari lenyewe kwa kawaida ni Premio, Allion, Wish au Subaru ya kawaida iliyotoka Japani ikiwa na miaka kumi na zaidi. Kabla hujatoa pesa, jua unaanzia wapi.

Injini isiyo na turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) huvuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, na Kampala iko kama mita 1,190 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi: kila mita 100 za kupanda hukata karibu asilimia 1 ya nguvu. Ile injini ya Toyota iitwayo 1NZ, ya cc 1,500, iliyoandikiwa nguvu za farasi 109 hapa inabaki na kama 96, na ukiipeleka Kabale, juu zaidi milimani, inashuka chini ya 90. Huo si ugonjwa. Kinachotibika ni farasi waliopotea kwa uchakavu, na mara nyingi hao ni wengi kuliko watakaoletwa na kifaa cha dukani.

Kwa hiyo tunaanza na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini ikiwa moto, tunazima pampu ya petroli na koili, tunatoa plagi zote nne, eksileta inakanyagwa hadi chini, kisha stata inapigwa. Kitabu cha 1NZ kinataka karibu bar 14.7, lakini geji nayo inaonja hewa nyepesi ya Kampala, hivyo 13 isikutishe. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi bar 1, pesa ya heda (mabomba ya kwanza ya kutolea moshi kwenye injini) iende kwenye ringi au valvu. Wenye 1ZZ, injini nyingine ya Toyota, za mwanzo wa miaka ya 2000 wachunguze pia moshi wa buluu, maana ringi zake za oili huziba na injini ikaanza kula oili.

Baada ya hapo ni plagi, throto iliyojaa masizi, sensa ya hewa na presha ya petroli (kwa 1NZ, bar 3.0 hadi 3.4). Kwenye skana, kompyuta ikiwa inaongeza petroli kwa zaidi ya asilimia 10 muda wote, ama hewa inaingia kwa mlango wa nyuma ama pampu imechoka. Gari linaloondoka vizuri kisha likakosa pumzi likifika mizunguko 3,000 lina dalili ya masega (kichujio cha moshi kwenye bomba) yaliyoziba. Tunatoa sensa ya oksijeni ya kwanza, tunafunga geji mahali pake, tunapandisha injini hadi mizunguko 2,500. Ikizidi psi 3, moshi umekosa pa kutokea. Masega yakibadilishwa, dai yako ya zamani: ndani mna platinamu, na ina bei.

Sasa ile filta ya koni. Ikikaa wazi ndani ya boneti, inavuta hewa iliyopikwa na rejeta na manifoldi. Katika jamu ya Jinja Road, skana inaweza kuonyesha hewa inayoingia ikiwa nyuzi 60 wakati nje ni 27. Tofauti hiyo peke yake huifanya hewa iwe nyepesi kwa asilimia 10, na juu ya hayo kompyuta hurudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, kuilinda injini. Umelipa ili upunguziwe nguvu. Kilichoongezeka ni mlio tu. Koni zinazopakwa oili zina balaa jingine: oili ikizidi, inatua kwenye waya wa sensa ya hewa, na sailensi (mizunguko ya injini bila kukanyaga eksileta) inaanza kupanda na kushuka. Na kwa wanaopita barabara za marram, fungua bomba lililo baada ya filta, pitisha kidole ndani. Kikitoka na wekundu, vumbi linaingia kwenye silinda. Tupa hiyo filta leo.

Boksi la kiwandani lilivuta hewa baridi kutoka mbele, karibu na taa. Lirudishe, weka filta mpya ya karatasi, na hakikisha pua yake ya plastiki ipo. Magari mengi yameipoteza kwa sababu mtu aliitoa akibadilisha taa, akaiacha sakafuni.

Heda ndiyo kifaa kinachostahili pesa, hasa ya mtindo wa 4-2-1 (mabomba manne yanaungana kuwa mawili, kisha moja), inayosaidia mizunguko ya katikati unayotumia kila siku. Gasketi iwe mpya: uvujaji mdogo kabla ya sensa ya oksijeni huidanganya kompyuta ikamwaga petroli bure. Bomba la nyuma liwe inchi 2 kwa cc 1,500 hadi 1,800, na inchi 2.25 kwa cc 2,000. Kubwa kuliko hapo, gari linalegea kwenye mizunguko ya chini. Wenye Subaru mjue kwamba ule mngurumo unatokana na mabomba yenye urefu tofauti. Heda ya urefu sawa inaunyamazisha, na wengine huja kulalamika.

Programu ya kompyuta ya injini huja mwisho, ikipimwa kwa sensa pana ya oksijeni: hewa 12.5 hadi 13 kwa petroli 1 ukikanyaga hadi chini, taimingi ikisogezwa mpaka kabla injini haijaanza kugonga. Heda, bomba na programu kwa pamoja, usitarajie zaidi ya farasi 10 hadi 15.

Tazama na matairi. Ukitoka 195/65R15 kwenda 205/65R16 ili gari liinuke, tairi limekua kwa asilimia 6, ni kama umerefusha gia zote. Hakuna heda itakayokurudishia hizo kwenye kilima.

Ukija kupimiwa, usichomoe betri wala usifute kodi za makosa siku mbili kabla. Kumbukumbu ya petroli iliyomo kwenye kompyuta ndiyo tunayoisoma kwanza.