Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kufundisha Majanga ya Asili na Nguvu Zinazoyaleta

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita tuliazimia kuacha kuwakaririsha wanafunzi orodha ya majanga. Mwanafunzi anayetaja aina za volkano bila kujua kwa nini moja hulipuka na nyingine humwaga lava taratibu, tulisema, bado hajafundishwa. Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji naeleza tulipofika.

Nianze na kosa letu, maana ndilo lililotufunza zaidi. Kijitabu chetu cha tsunami, yaani mawimbi makubwa yanayoanzishwa na mtikiso wa sakafu ya bahari, kilisema: bahari ikipwa ghafla, kimbia. Sentensi hiyo ni ya kweli. Ila darasani ilieleweka kwamba bahari isipopwa, hakuna hatari. Kwenye semina ya kwanza mwanachama mmoja alisimama akatukumbusha tsunami ya Bahari ya Hindi ya tarehe 26 Desemba 2004. Siku ile miamba chini ya bahari karibu na Sumatra, kisiwa cha Indonesia, ilikatika kwa tetemeko kubwa. Sehemu moja ya sakafu ya bahari ikainuka, nyingine ikadidimia. Pwani za upande wa mashariki, kama Thailand, ziliona maji yakitangulia kupwa. Upande wa magharibi, Sri Lanka na India, maji yalitangulia kupanda. Mtoto aliyekariri ishara moja angekaa akiingoja, na wala isingekuja.

Tulikiondoa kijitabu na kukiandika upya. Sasa kinaanza na ardhi yenyewe: ukiwa pwani ukahisi mtikisiko mkali au wa muda mrefu, usingoje kuona bahari inafanya nini, panda juu. Wazee wa kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu kabisa na chanzo cha tetemeko lile, walikuwa wakiwasimulia wajukuu wao hivyo tangu tsunami ya mwaka 1907. Mwaka 2004 kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000, na waliopoteza maisha walihesabiwa kuwa 7. Hesabu hiyo naomba kila mwalimu aitafakari kabla hajasema kwamba somo hili ni la mtihani tu.

Somo lililopokelewa vizuri kuliko yote halikuhitaji kifaa cha maabara. Mwanafunzi hupewa kijiti kikavu akipinde polepole. Kinapinda, kinavumilia, kinaendelea kuvumilia, halafu kinakatika kwa mlio na mkono unahisi mshtuko. Hapo ndipo mwalimu anapoeleza kuwa mabamba ya ganda la dunia, yaani vipande vikubwa vya miamba vinavyounda uso wake, husogea sentimita chache kwa mwaka, takriban kasi ya ukucha kukua, na kwamba kwenye ufa miamba hung'ang'aniana huku mkazo ukijilimbikiza kwa miaka mingi, kisha huachia kwa sekunde chache. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama kijiti kinaweza kutuambia kitakatika lini. Swali zuri mno. Mwalimu alimpa kijiti cha pili akisie, akakosea, na darasa zima likaelewa kwa nini wataalamu hueleza mahali penye hatari lakini hawatangazi siku wala saa.

Mjadala mkali zaidi ulikuwa juu ya Haiti na Chile. Januari 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0, Februari mwaka huohuo Chile ikapata la 8.8. Kila hatua moja ya kipimo huongeza nishati takriban mara 32, kwa hiyo la Chile lilikuwa na nishati karibu mara 500 zaidi. Hata hivyo Chile ilipoteza watu wapatao 500, na Haiti zaidi ya 100,000. Wanafunzi wengi walikimbilia kusema ni ubora wa nyumba, na kwa sehemu kubwa wako sahihi. Lakini tuwe waangalifu: tetemeko la Haiti lilitokea kwenye kina kifupi, karibu na mji mkuu wenye watu wengi, wakati la Chile lilianzia baharini. Nawasihi tufundishe yote mawili. Tetemeko ni nguvu ya asili. Maafa hutegemea pia linamkuta nani, wapi, na ndani ya jengo la namna gani.

Baadhi yenu mliuliza kama tunawatia watoto hofu. Niliichukulia hoja hiyo kwa uzito, nikahudhuria masomo manne. Nilichoona ni kwamba hofu huja pale mwalimu anapoonyesha picha za vifo na kuishia hapo. Darasa lililomaliza kwa kufanya zoezi la kuinama, kujifunika chini ya meza na kushikilia mguu wa meza lilitoka likizungumza kwa kujiamini.

Tulipopungukiwa ni kwenye mafuriko na maporomoko ya ardhi. Haya hutokea mara nyingi kuliko volkano, nasi tuliyapa semina moja tu, tena fupi. Jinsi maji yanavyojaa kati ya chembe za udongo, yakazisukuma zisishikane, hadi mteremko uliosimama miaka mingi ukateleza, ni jambo linaloonekana wazi kwa sinia la mchanga na kopo la maji. Hatukuwa na sababu ya kutolifanya.

Mapato na matumizi, pamoja na gharama ya kuchapa kijitabu upya, yamo katika taarifa ya mweka hazina.

Kamati inaomba mkutano huu uridhie mambo mawili: semina zote za mwaka ujao zianze na mafuriko na maporomoko, na kila kijitabu kipya kijaribiwe na wanafunzi wenyewe kabla ya kuchapwa, ili tusikie wameelewa nini.

Naomba kuwasilisha.