Barua ya wazi kwa vijana wanaotafuta makazi viungani mwa mji

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoanza maisha, ambao kila mwisho wa wiki mnazunguka viungani mwa mji mkitafuta pa kuishi. Wengine mmekuja kuniomba ushauri, wengine nawasikia tu mkibishana: huku mbali, kule ghali, hapa pametulia, pale pana kelele. Kuna jambo moja sijasikia mkilitaja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mnapapima mahali kama palivyo leo, na mji unaokua haumsubiri mtu. Kabla mtoto wenu wa kwanza hajamaliza shule, utakuwa umewafikia. Sehemu kubwa ya maisha yenu mtaishi katika kitongoji ambacho bado hakijaonekana kwa macho, na hicho ndicho mnachokwenda kukinunua.

Nianze na barabara, maana hapo wengi hukwama. Dalali akisema mjini ni dakika ishirini, pengine ni kweli, Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu. Ninyi nendeni siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, msimame kituoni kama abiria. Tazameni basi la kwanza linavyopita limejaa bila kusimama, na la pili linavyosimama likachukua wawili tu. Jioni rudini hapo hapo. Hizo ndizo dakika zenu.

Tena hata hizo zitabadilika. Mwaka 1994 mtafiti wa Italia, Cesare Marchetti, akiegemea kazi za mtafiti wa usafiri Yacov Zahavi, aliandika kwamba watu wa nyakati na nchi tofauti hutumia wastani wa karibu saa moja kwa siku katika safari zao, kwenda na kurudi. Miji ya kale iliyotembewa kwa miguu haikuzidi sana upana wa kilomita 5. Yalipokuja mabasi, treni na magari, miji ikatanuka kwa kadiri ya mwendo. Kwenu maana yake ni hii: barabara mpya ikifunguliwa, watu hawabaki walipo wakifurahia muda waliouokoa, wanahamia mbali zaidi. Mchumi wa Marekani, Anthony Downs, alilieleza hilo mwaka 1962, kwamba barabara kuu ya mjini ikipanuliwa, magari ya saa za msongamano huongezeka mpaka foleni irudi. Huko Houston, Marekani, upanuzi wa barabara ya Katy Freeway ulikamilika mwaka 2008, na mahali pengine ikawa na njia 26 za magari ukihesabu na zile za pembeni. Miaka michache baadaye safari za asubuhi na jioni zilikuwa zimeanza kurefuka tena.

Kwa hiyo msinunue kwa ahadi ya barabara. Tafuteni mahali penye njia mbili za kutokea, na ikiwezekana penye treni au basi lenye njia yake lenyewe. Foleni ikija, na itakuja, mwenye njia moja hana la kufanya. Wala msiseme mtazoea. Wachumi wawili wa Uswisi, Alois Stutzer na Bruno Frey, walichambua takwimu za kaya za Ujerumani, na katika kazi waliyoichapisha mwaka 2008 walionyesha kwamba kadiri safari ya kazini inavyokuwa ndefu, ndivyo watu wanavyopungua kuridhika na maisha yao. Unafuu wa nyumba au wa kazi haukutosha kuwafidia.

Kwenye maji nitakaa zaidi, maana makosa ya maji hayarekebishiki. Narudi Houston, upande wa magharibi inakopita ile ile Katy Freeway. Baada ya mafuriko ya 1929 na 1935, wahandisi wa jeshi la Marekani walijenga mabwawa mawili ya kuzuia mafuriko, Barker na Addicks, yakakamilika miaka ya 1940. Wakati huo huko kulikuwa malisho na mashamba ya mpunga. Serikali haikununua ardhi yote ambayo ingefunikwa bwawa likijaa. Nyingine ilibaki mikononi mwa watu. Mji ukaja. Ardhi ile ikapimwa viwanja, zikajengwa nyumba nzuri kabisa, ndani ya eneo la bwawa. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilipomwaga mvua, maelfu ya nyumba ziliingiwa na maji, na wakazi wengi wakasema hawakuwahi kujua kwamba wanaishi bwawani. Mwaka 2019 mahakama iliamua kwamba serikali kuu inawajibika. Lakini linaloniuma ni hili: kwenye baadhi ya ramani za viwanja vya huko palikuwa pameandikwa wazi kwamba eneo linaweza kufunikwa na maji kwa muda mrefu. Maandishi yalikuwapo, yamehifadhiwa ofisini, na wanunuzi wengi hawakuonyeshwa.

Basi iombeni ramani ninyi wenyewe. Nendeni ofisi inayoshughulika na ardhi, muombe ramani ya upimaji na ile ya mpango wa matumizi ya ardhi, msome mpaka maandishi madogo ya pembeni. Kisha nendeni penyewe wakati wa mvua. Angalieni kuta za nyumba za jirani: mkikuta rangi imepakwa upya hadi usawa wa goti na juu yake ni ile ya zamani, maji yalifika hapo. Angalieni vizingiti vya milango vilivyoongezwa safu ya matofali. Ongeeni na waliokaa muda mrefu, kwa sababu aliyewahi kukokoa tope sebuleni hasahau ilikuwa mwaka gani. Na mkumbuke kwamba kila paa na kila ua wa saruji unaoongezeka huzuia maji kuzama ardhini, kwa hiyo bonde lililokuwa kavu enzi za mashamba litapitisha maji watu wakishajenga huko juu. Kiwanja cha mwinuko kilicho mbali kidogo nakiweka mbele ya cha bondeni kilicho karibu na mji, na hapo sina shaka hata kidogo.

Mnaupenda ule uwanja mtupu mbele ya nyumba, wenye miti na upepo. Ni wa nani? London ina ukanda wa kijani ambao ulianza kuwekewa sheria mwaka 1938, ndiyo maana hadi leo ukiutoka mji unakuta mashamba. Shamba lisilolindwa na sheria linangoja mjenzi tu, na siku moja litakuwa ghala, au ghorofa zinazochungulia uani kwenu. Ramani ya mpango itawaambia kama limetengwa kwa bustani, makazi au viwanda. Hapo hapo mtaona hifadhi ya barabara, na nyumba iliyoingia ndani ya hifadhi msiikaribie hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Ulizeni pia ardhi ilikuwa ya nini zamani. Love Canal, katika mji wa Niagara Falls huko Marekani, ulikuwa mfereji uliofukiwa taka za kemikali. Hati ya mauzo ya mwaka 1953 ilizitaja taka hizo, na bado ikajengwa shule na nyumba. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura, na familia zikahamishwa.

Habari za shule, zahanati na maji ya bomba mnazijua, sitawachosha. Ila msiridhike kusikia kwamba shule ipo. Ulizeni darasa la kwanza lina watoto wangapi mwaka huu na lilikuwa na wangapi miaka mitatu iliyopita, kisha mtazame kama ndani ya uzio kuna nafasi ya kuongeza madarasa.

Ninyi mlio wawili, yule atakayeamka mapema kuliko mwenzake kwa ajili ya safari asikilizwe kwanza. Nimeona ndoa zikichoka kwa sababu mmoja alichagua nyumba na mwingine akabeba barabara. Na mkiweza, pangeni kwanza katika kitongoji hicho hicho mpaka msimu mmoja wa mvua upite, hata kama ndugu watawaambia mnapoteza pesa kwa kodi. Mkishapata ramani na alama zake zikawashinda, njooni nayo kwangu siku yoyote, tuitandaze mezani tuisome pamoja.

Mzee wenu