Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekuja kambini Tanga na mama yake hajui

Marahaba mdogo wangu. Shikamoo yako ya jana usiku niliiona, nikachelewa kujibu mana kabla ya meseji yako nilikuwa nimepigiwa simu na kijana mmoja, mstaarabu tu, akajitambulisha ni mratibu wa kambi yenu ya wanafunzi wanaharakati, akaniuliza, "Samahani, wewe ndo mama yake?" Nikanyamaza. Akaendelea kunieleza kwamba kwenye fomu, pale palipoandikwa mzazi au mlezi wa kuarifiwa ikitokea dharura, umeweka namba yangu. Nikamwambia mimi ni dada yake, naomba anipe siku mbili tatu.

Naandika hapa wazi na jina lako silitaji, mana najua sio wewe peke yako. Wako wengi wanaofunga begi saa hizi wakaaga nyumbani kwamba wanaenda kwenye semina ya ujasiriamali, au wasiage kabisa.

Kwanza nikuondoe wasiwasi, mimi nataka uje. Nataka sana. Mnachokuja kukiongelea hapa kinatuhusu sisi tunaoishi huku, kuanzia mikoko na uvuvi wa baruti uliotuharibia matumbawe miaka na miaka, mpaka hilo bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima Uganda kilomita 1,443 linakuja kuishia Chongoleani hapahapa Tanga, na katika hizo kilomita 1,147 ziko kwetu Tanzania, mikoa 8. Nakumbuka Agosti 2017 jiwe la msingi linawekwa pale Chongoleani na Rais Magufuli na Rais Museveni, mji mzima ulikuwa barabarani. Wako waliofurahi mana walitegemea ajira, wako waliokuwa wanawaza mashamba yao. Vijana wa chuo kuja kukaa siku tatu mchangani wakalijadili hilo kwa utulivu ni jambo la heshima, simcheki mtu hapo.

Sasa hema. Umesema umepata la mtumba kwa bei poa, sawa, lakini usilifungue kwa mara ya kwanza hapa. Lisimamishe huko hosteli, mwagia ndoo nzima ya maji juu alafu ingia ndani uangalie mishono, ndipo panapovuja. Panapovuja sugulia nta ya mshumaa nje na ndani, vuli imeshaanza huku na mvua ya usiku haipigi hodi. Zile kucha za chuma za kukitia chini zinafaa kwenye udongo, mchangani zinang'oka upepo ukivuma kidogo tu, kwahiyo njoo na viroba vitupu vinne au vitano, tunajaza mchanga, tunafunga kamba, tunafukia. Hilo ndo linashika. Usilale chini ya mnazi hata kama kivuli ni kizuri, nazi ikidondoka haichagui. Kanga mbili, chandarua kile kidogo cha kuning'iniza, tochi ya kichwani, pawabenki iliyojaa kweli, na pedi zako usitegemee utazipata kule, maduka yako mbali. Ulizia kabla ya kufika wasichana mnalala upande gani na choo kiko wapi, uliza bila aibu, na kama jibu ni "tutaona hukohuko" basi ujue hawajajipanga, uwabane wajipange. Na waulize pia kama mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wanajua mnakuja, na barua iko wapi. Hilo sio woga, ni ustaarabu wa kuingia kwa watu.

Ila kubwa kuliko yote ni maji. Nyie mnaotoka Dar mnaona ufuko ni ufuko, mnapenda kupiga hema karibu ili muamke mnaiona bahari. Angalia mwezi. Wavuvi wa huku hawahitaji simu kujua, wanahesabu tarehe za mwezi, ukiwa mwandamo au ukiwa mpevu yale ni maji ya bamvua, yanapwa mbali kabisa mpaka unaona miamba ambayo siku zingine huioni, na yakirudi yanapanda juu kupita alama ya jana. Ule mstari wa mwani mkavu na vijiti unaouona mchangani unakuonesha maji yalifika wapi mara ya mwisho, haukuahidi kwamba usiku huu yataishia hapo. Halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwahiyo usiseme jana saa nne usiku tulikuwa salama.

Nalijua hili kwa sababu lilinipata, na hii habari hukuwahi kuhadithiwa yote.

Nilikuwa mwaka wa pili. Tulienda kambi kama yenu, Bagamoyo, wanafunzi wa vyuo tofauti, siku tatu za mijadala na mahema. Mimi nyumbani niliaga kwamba naenda field. Niliona nikisema uanaharakati mama atalia, atasema nitafukuzwa chuo, na wazee wetu wana sababu ya kuogopa, kile kisa cha Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakafukuzwa zaidi ya 300 kwa mkupuo, babu alikuwa anakihadithia kila mtoto wa ukoo akipata nafasi ya chuo. Basi nikadanganya, na nikaona nimemlinda mama.

Usiku wa pili ulikuwa mwezi mpevu. Waliotupangia mahali hawakuwa watu wa pwani na sisi hatukuuliza. Saa tisa hivi nikasikia mgongo umelowa nikadhani ni jasho, nikageuka, mkeka ukawa unaelea. Unaelea, mdogo wangu, ndani ya hema. Tulitoka tunaburuza vitu gizani, hakuna aliyeumia namshukuru Mungu, ila simu yangu ilikuwa chini ya mto ikafa palepale, na simu za wenzangu wawili nao hivyohivyo. Asubuhi tukaanika nguo, tukaendelea na mada. Mimi sikuona haja ya kuazima simu mana nyumbani wanajua niko field, nani atanitafuta.

Mama alinitafuta. Alipiga siku nzima haipatikani, akapata namba ya niliyekuwa nakaa naye chumba, yule bila kujua akamwambia field haijaanza. Niliporudi hosteli Jumapili jioni niliwakuta wamekaa kwenye benchi la nje, mama na mama mdogo, yaani mama yako, amemsindikiza toka Muheza, wewe ukiwa darasa la pili umeachwa kwa jirani. Mama alikuwa amepakata mkoba. Hakunisema kitu. Nilipomsaidia kuubeba ukafunguka, ndani mlikuwa na cheti changu cha kuzaliwa na picha ya pasipoti niliyopiga nikiwa fomu foo. Alivichukua ili akifika polisi awe na cha kuonesha.

Sijawahi kuisahau ile picha, nimevaa sare, kola imepinda.

Kwahiyo mama yako alikuwepo. Alilishika lile benchi pamoja na dada yake tangu asubuhi. Ndo mana nimeshindwa kumjibu yule mratibu ndio mimi ni mlezi wake, siwezi, nitakuwa namrudisha mama mdogo palepale.

Najua utaniambia dada wewe humjui mama, atakataa. Anaweza kukataa, ndio. Amesikia habari za Kampala, Oktoba 2022 wanafunzi walikamatwa kwa maandamano ya mambo ya bomba hilihili, aliniuliza mwenyewe kwenye simu, "hao watoto walitoka?" Hofu yake ina miguu. Lakini hebu fikiria, unakuja kuwaeleza watu wa Chongoleani, wavuvi, mama wa makamo wenye ndoa na wajukuu, kwa nini wewe mwanafunzi una la kusema juu ya bahari yao, na hujaweza kumweleza mwanamke mmoja anayeuza machungwa stendi ya Muheza ambaye anakupenda na atakusikiliza mpaka mwisho hata akiwa amekasirika. Anza naye. Mwambie kwa Kiswahili cha nyumbani, achana na yale maneno ya kwenye tangazo lenu, sijui uchechemuzi, sijui uwezeshaji jumuishi, mwambie hivi: mama, yale mafuta yana nta, yakipoa yanaganda, ndo mana bomba lote linapashwa moto nyuzi 50 hivi mpaka lifike baharini, na mwisho wake ni matenki na gati la meli kubwa mahali ambapo watu wanavua, na sisi tunataka kujua ikitokea kumwagika nani anafanya nini na kwa muda gani. Mama mdogo ataelewa. Yule ni mtoto wa mvuvi.

Na akikuuliza swali ukashindwa kulijibu, liandike, uje nalo. Hayo ndo maswali ya kupeleka kwenye kongamano, kuliko kuja kusikiliza wataalamu mkapiga makofi mkapiga picha.

Alafu ukishafika, jioni moja toka kambini twende wote kwa kinamama wa mwani, ninawajua, ntakupeleka. Watakuonesha kwa mkono, sio kwa maneno. Mwani mzuri una rangi na unateleza, ukiukunja haukatiki. Maji yakipata joto kupita kiasi unaanza kuwa mweupe kwenye vijiti, unakuwa laini, unaushika unabaki na kipande mkononi na kingine kimeshaenda na maji. Ule wa cottonii wenye bei nzuri ndo unaokufa mapema, wengi wamebaki na spinosum wa bei ya chini. Wale hawakuwahi kuitwa kwenye kongamano lolote na joto la bahari wanalijua kwa vidole. Usiwapige picha mpaka waseme ndio, na ukae, usisimame juu yao wakiwa wameinama kwenye kamba.

Na muulizie mzee yeyote wa jarife, zile nyavu za kutega samaki wakubwa, akuhadithie silikanti, yule samaki ambaye dunia nzima iliamini alishatoweka zamani za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga wavuvi walianza kumnasa kwenye jarife mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi kwa ajili yake. Bahari yake ndo hiihii mnayokuja kuijadili. Mimi nikimfikiria yule samaki kule chini gizani moyo unanienda mbio, kweli nakwambia.

Sasa safari. Gari lako la Ijumaa litapita Chalinze, Segera, halafu litasimama Muheza dakika kumi watu wanunue machungwa. Umelifikiria hilo? Mama yako yuko palepale na beseni kichwani anazunguka madirishani. Ulitaka ufanye nini, uinamishe kichwa? Teremka umsalimie, akupe na machungwa ya kambi nzima, na wewe umpe salamu zangu. Mimi ntakuwa stendi ya Kange nakusubiri, viroba nimeshapata sita.

Mpigie leo baada ya isha, ndo anakuwa ametulia, simu yake huwa kwenye chaji pale dirishani kwahiyo iache iite mpaka mwisho, usikate. Mratibu nimemuomba anisubiri hadi Jumatano. Ile nafasi ya namba nimemwambia aiache wazi.

Dada yako,
Tanga